Diski Iliyoandikwa MAMA

Vickery Meadow, Dallas
14 Septemba 2025

Shikamoo shangazi,

Kompyuta za jimbo zima la Texas zikisikia Mwita anapanda ngazi, zinajiwasha zenyewe. Sitanii. Kwenye majengo yetu haya tuna Waburma, Wakongo, Wanepali na Waeritrea, na hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kunigongea mlango kashika simu iliyokata roho. Wiki iliyopita nimefufua printa ya kanisa la Wakongo kwa kofi moja tu, la kitaalamu. Mchungaji akataka kuniombea. Nikamwambia mzee, maombi yatunze kwa ajili ya wanaobahatisha.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu umenifungia WhatsApp tangu Julai, kisa ile video ya MC aliyeanguka na keki. Nesi mzima unaona mtu kaanguka hucheki. Haya, hilo limepita. Nimesikia kwa binti yako Yasinta kwamba Mac yako imekufa, umenunua kompyuta ya Windows, na sasa ile eksteno, diski ya nje yenye picha za bibi, haifunguki. Eti umekaa nayo wiki tatu unaitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa. Tena unalalamika huna wa kukusaidia, na mtoto wa kaka yako yuko saa nne tu kwa gari kutoka hapo Pearland, Houston.

Najua utasema Mwita aliishia kidato cha pili. Shangazi, ukweli ule hukuambiwa: walimu waliishiwa. Wangenifundisha nini tena?

Itume. Mchana nafungasha maboksi ghalani, wikiendi napiga muziki kwenye sherehe za watu, lakini hapo katikati muda wa kumfungulia bibi mlango haukosekani.

Fundi mkuu wa ukoo,
Mwita


Pearland
18 Septemba 2025

Mwita, marahaba.

Naituma kwa sababu sina mwingine, majigambo yako hayamo katika hesabu. Iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya boksi. Nimeibandika karatasi iliyoandikwa MAMA ili usiichanganye na takataka zako.

Sasa soma polepole, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka vitabu. Picha hizi alizipiga Sospeter, baba Yasinta, tulipokwenda Tarime mwaka 2018. Tulipoachana, Sospeter alichukua kamera, mimi nikachukua diski. Mama hakuwa mtu wa kupigwa picha; alikubali mwaka ule mmoja tu kwa sababu Yasinta alimbembeleza. Ukiacha hizo tunayo ile ya kitambulisho cha kura, ambayo anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Nakala nyingine haipo popote. Nilikuwa nikisema nitaziweka na mahali pa pili, kila nikitoka zamu nasema kesho.

Tarehe 27 Desemba tunalijengea kaburi lake. Padri atakuja kulibariki, na nimewaahidi ndugu zangu kibao chenye sura yake. Fundi wa Mwanza anataka picha kabla ya katikati ya Novemba. Unajua kwamba mimi sikumzika mama. Mwaka ule wa korona nilikuwa hapa hospitalini nawafunika wazazi wa watu wengine, na wa kwangu nikamwona akishushwa kwenye simu, mtandao unakatika, sura yake nikaikosa. Ndugu zangu walichimba, walipika, walilala chini. Mimi sijafanya kitu. Hiki kibao ndicho changu.

Nilipoichomeka diski kwenye hii kompyuta mpya, iliniambia lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike, na ikanipa kitufe cha kukubali. Nikaichomoa mbio. Kijana wa kompyuta pale kazini amenieleza kwamba diski ni nzima kabisa, ila iliandaliwa kwa Mac, na Windows haijui kuisoma. Ikichomekwa kwenye Mac yoyote picha zitaonekana. Akasema pia kwamba kufomati ni kufagia nyumba na waliomo.

Utaniuliza kwa nini nisitafute Mac hapa. Ninayemjua mwenye Mac ni daktari mmoja, na siwezi kumkabidhi mama yangu mtu nisiyeweza kumfokea. Wewe naweza. Basi tafuta Mac, zihamishe, nitumie. Kompyuta yako ikikuuliza swali lolote lile, usijibu. Nipigie, hata kama niko zamu.

Shangazi yako,
Melania


Vickery Meadow, Dallas
28 Septemba 2025

Shikamoo shangazi,

Mzigo umefika. Soksi nimeivaa, ni ya joto, lete na mwenzake.

Diski iko katika matibabu. Usitishike, fundi hasemi "imepona" siku ya kwanza, hata ninyi hapo hospitalini hamwambii mtu mambo yote mlangoni. Ina virusi kidogo. Vya Kihuston, vinapenda joto. Nimevipa dozi. Mac ipo, kuna dada anaitwa Loice hapa ghorofa ya chini, anasomea uhasibu, anayo. Tatizo picha zenyewe ni nzito, zinatoka moja moja kama waumini wanaotoka misa na kusimama mlangoni kupiga soga. Ukizisukuma zinakwama.

Bibi mwenyewe hana haraka, mimi ndiye ninayemjua. Umesahau nilikuwa mume wake kabla sijamaliza kuota meno? Kila nikitoka shule na alama zangu za aibu, anawaambia majirani, mume wangu hana akili lakini ana mdomo, hatutalala njaa. Sasa mtu kama huyo nitamwacha akwame ndani ya kidude cha plastiki?

Wiki hii usinipigie, ghalani msimamizi mpya ananyang'anya simu. Nipe siku chache.

Daktari wa diski,
Mwita


Pearland
8 Oktoba 2025

Mwita,

Nimekupigia mara nne. Simu inaita mpaka inachoka. Mara ya tano akapokea kijana unayeishi naye, akasema umetoka, na nyuma yake nikasikia mtu anacheka kwa sauti ninayoijua.

Sihitaji zote sasa. Nataka moja. Nitakueleza ipi, ili ukiiona usipite. Mama amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, amevaa kitenge cha njano, anachambua ulezi. Anacheka, kwa sababu Yasinta alikuwa amejaribu kusema Kikurya. Ndewe la sikio la kushoto, lile lililotobolewa na kuvutwa, amelipandisha juu ya sikio, kama walivyokuwa wakifanya wakitaka lisiwasumbue kazini, na la kulia linaning'inia karibu na taya. Ndiyo hiyo. Nikifumba macho naiona, lakini fundi wa Mwanza hachongi vilivyomo ndani ya macho yangu.

Kaka yangu wa Tarime, baba yako mkubwa, jana ameniuliza kama picha ipo. Nimemwambia ipo, iko kwa Mwita. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa nini kwa Mwita. Nikakutetea. Usinifanye mjinga.

Melania


Vickery Meadow, Dallas
12 Oktoba 2025

Shikamoo shangazi yangu wa pekee,

Si nilikuambia? Watu wa ukoo huu mnapenda kudharau mtu mpaka aokoe nchi. Fungua kiambatisho. Huyo hapo, bibi Ghati, njano yake, kigoda chake, kicheko chake. Nimepambana na hiyo diski siku tatu, mwingine angekwishaitupa kwenye pipa. Hii moja imekubali kutoka. Nyingine zimegoma, naona zimeharibika kwa uzee, lakini wewe ulisema moja inatosha, nami ni mtu wa kusikiliza wakubwa.

Mtumie fundi wa Mwanza leo leo. Mwambie kaka yako aliyenyamaza aendelee kunyamaza.

Mwokozi,
Mwita


Pearland
13 Oktoba 2025

Mwita,

Nilikuwa mapumzikoni nilipoifungua. Machozi yalianza kunitoka kabla haijamaliza kufunguka. Gakii, Mkenya ninayefanya naye kazi wodini, akaja akachungulia begani kwangu, akasema mama yako alikuwa mrembo sana. Nikamshukuru. Umesikia, nikamshukuru. Ndipo nikaona masikio.

Huyu mama wa kwenye picha yako ana masikio mazima. Yamezibwa, yamelainishwa, yametiwa vipuli vidogo kama vya karani wa benki. Kitenge ni cha njano kwa sababu mimi nilikuandikia njano. Kigoda kipo kwa sababu nilikuandikia kigoda. Uso umetolewa kwenye kitambulisho cha kura, na kicheko si cha mtu yeyote. Umeipa mashine ya akili bandia picha ya mama na barua yangu, ikakutengenezea bibi mwingine, na ilipofika kwenye masikio yake ikadhani ni jeraha, ikamtibu.

Mama alitobolewa akiwa msichana mdogo na mama yake mwenyewe. Mimi nilipokuwa mtoto nilikuwa nikilala nimeingiza kidole kwenye lile tundu. Ilibaki kidogo tu nimpeleke mgeni huyu Mwanza akachongwe kwenye jiwe, ndugu zangu wakamkute pale kaburini mbele ya padri, na mimi nikiwa nimesimama kando yake najivuna.

Sasa niambie diski iko wapi na ina nini. Jumapili nina nafasi. Usipojibu kabla ya hapo nitaendesha gari mpaka hapo mlangoni kwako, na nitakuuliza mbele ya hao Waburma wako.

Melania


Vickery Meadow, Dallas
17 Oktoba 2025

Shikamoo. Nimeona siku hizi huniitikii.

Usije Jumapili. Naandika yote hapa.

Ile picha ni ya mashine, ndiyo. Niliiambia imvalishe na imchekeshe kidogo. Masikio sikuyaomba, iliyatengeneza kwa moyo wake mwema. Niliyaona. Nikajiambia kwenye kibao kidogo kama kile nani atakagua masikio.

Sasa diski. Ilipofika niliichomeka kwenye laptop yangu mwenyewe, kuisalimia tu. Ikauliza lile swali lako. Barua yako nilikuwa nimeisoma, ilikuwa palepale kwenye simu. Lakini shangazi, fikiria. Mtu mtaa mzima unamwita fundi, wamekaa hapo kitandani wenzake wawili wanamtazama, atachukuaje simu kumpigia nesi amuulize kitufe? Nikabonyeza. Nilidhani itachukua saa nzima ili mtu apate nafasi ya kujuta katikati. Ilichukua kama sekunde nne. Ikafunguka tupu, kama chumba cha mpangaji aliyehama bila kuaga.

Virusi havikuwepo. Mac ya Loice sikuwahi kuiomba, nilihofia ataniuliza fundi gani anayetembea akiazima kompyuta. Yuko hapo chini, ngazi kumi na mbili, nilizihesabu baadaye.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa natafuta dawa. Nimekosa. Unaweza kuwaambia ndugu. Ila na hiyo kompyuta nayo ina makosa yake, swali zito namna ile haliulizwi kwa maandishi madogo.

Mwita


Pearland
2 Novemba 2025

Mwita,

Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu maneno niliyokuwa nayo hayaandikwi kwa mtoto wa kaka.

Nilimpigia Sospeter. Miaka sita sijaisikia sauti yake, na niliapa kwamba nikiisikia tena itakuwa ni harusi ya Yasinta au msiba. Nikamuuliza kama kadi za ile kamera bado anazo. Akasema, "Nilizifuta, Melania. Wewe ndiye uliyesema utazitunza." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningekuwa na la kumjibu.

Lakini sikia hili, na ulisikie vizuri. Mgonjwa mmoja Mkongo alinielekeza kwa fundi anaitwa Vital, ana chumba cha kazi Sugar Land, kazi yake ni kufufua diski tu. Hana maneno mengi kama wengine. Alinieleza kwamba kufomati kwa sekunde nne hakubomoi nyumba, kunaondoa anwani. Picha zinabaki palepale zilipo, ila kompyuta haijui tena njia ya kuzifikia, na yeye ana programu ya kuzitafuta moja moja. Alinionyesha harusi ya mtu aliyoirudisha hivyo, picha mia nane. Kinachoziua kabisa ni kuweka vitu vingine juu yake.

Akaniuliza swali moja tu. "Mama, tangu siku ile, kuna kitu kimewekwa ndani ya diski hiyo?"

Nikamjibu hapana. Nikamwambia mtoto wangu ni mwongo na ana kiburi, lakini yule alikuwa bibi yake, alimlea kwa mikono yake, hawezi kupanga mizigo juu yake.

Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Zipo, Mwita. Mama yupo. Itume kesho asubuhi kwa njia ya haraka, isichomekwe popote, hata kwa kuiangalia. Fundi wa Mwanza amekubali kusubiri mpaka tarehe ishirini. Ikirudi hata ile moja, kwa ndugu nitasema diski ilisumbua kidogo, na jina lako halitatajwa. Nimekusamehe lile la kitufe. Ungejua nilivyolala jana.

Shangazi yako,
Melania


Vickery Meadow, Dallas
5 Novemba 2025

Shangazi,

Diski hii hapa ndani ya boksi. Nakuomba usome karatasi hii kabla hujaipeleka kwa Vital, usije ukaisikia kwake ukiwa umesimama dukani mwa mtu. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kuiweka juu.

Nimeandika nyingine nne nikazichana. Zote zilikuwa zinachekesha. Kuna moja hata mimi niliicheka, ilikuwa inasema posta wameipoteza.

Nilibonyeza siku ya Alhamisi, tarehe 25 Septemba. Wenzangu walipoondoka nikaingia YouTube kutafuta namna ya kuzirudisha. Kuna mtu pale, kabla hata hajasalimia, alianza na onyo. Alisema ukishakosea hivi, iache diski ilivyo, usiweke kitu, hata faili moja, kwa sababu vitu vyako bado vimo. Kiingereza changu ni cha ghalani, lakini hicho nilikielewa. Nilirudisha video nyuma nikamsikiliza tena. Kwa hiyo aliyokuambia Vital mimi niliyajua zaidi ya mwezi kabla yako, na nilipokuandikia kwamba natafuta dawa, dawa nilikuwa nimeshaijua na kuimwaga.

Jumamosi ile nilikuwa na harusi kule Fort Worth, ya Kibet na Everline, watu mia tatu, yangu kubwa ya kwanza. Walitaka nyimbo na video kwenye skrini, za Kikalenjin, za Kiluhya, za Bongo, za Kikongo, za zamani na za sasa. Laptop yangu ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Dukani eksteno zimejaa, ng'ambo tu ya reli. Ningeweza kununua. Ningeweza kumwambia Kibet ukweli, kwamba mashine yangu haitoshi, atafute mwingine, lakini nilikuwa nimeshawatangazia watu wote.

Ijumaa nilitoka kazini saa tisa mchana. Nikaiona pale mezani, tupu, kubwa, haina kazi. Nikajiambia bibi hayumo tena humo. Nilijua ninajidanganya wakati huohuo ninaposema. Nikaichomeka. Niliweka nyimbo zote na video zote, na nafasi iliyobaki nikaijaza sinema ili nisirudi tena kununua diski. Ile diski yako ikiwa inaandika hutoa mlio mdogo wa kukwaruza. Nilikaa kitandani nikiusikiliza mpaka ikasema imejaa.

Harusi ilikwenda vizuri. Watu walinishika mkono.

Nimefuta vyote jana, lakini Vital atakuambia kwamba hilo halisaidii. Ulipomjibu hapana, ulisema uongo bila kujua, na aliyekupa uongo huo ni mimi. Ndugu waambie jina langu, usilifiche. Kaka yako alikuwa sahihi kunyamaza.

Kitufe nilikibonyeza kwa kiburi, na yale ya masikio yalikuwa woga. Hayo nihukumu utakavyo. Lakini Ijumaa ile hakuna aliyekuwa ananitazama, sikuwa na haraka, na sikukosea kitufe. Nilijua bibi bado yumo humo ndani, nikampangia muziki juu.

Mwita